Mwili Kupoa Katika Joto la Mombasa: Je, Kuna Hatari?

JUA la Mikindani halina mzaha. Ukishuka kwenye matatu saa saba ya mchana mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea na mvua za masika bado hazijafika, utaingia nyumbani shati limeganda mgongoni. Katika mtaa kama huu, mtu akikueleza kwamba shida yake ni mwili kupoa, huenda ukadhani anakufanyia masihara.

Hata hivyo, msomaji, watu hao wapo, na huenda mmoja wao anaishi mlango wa pili na wako. Yuko mama anayejifunika blanketi usiku ilhali wenzake wote wamefungua madirisha. Yuko mzee ambaye mikono yake ni baridi mchana kutwa. Yuko mtoto mchanga asiyetaka kunyonya, na ukimgusa nyayo hazina joto. Tena wako wengi walioingiwa na wasiwasi mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, walipoelekezewa kipajini kile kipimajoto cha mfano wa bastola kwenye mlango wa benki, dukani au kivukoni Likoni, nacho kikaandika 35.4 au hata 34.9. Bawabu alisema "pita", lakini swali lilibaki: ikiwa joto la kawaida ni nyuzi 37, mimi nimepungukiwa na nini?

Katika makala haya tutaeleza joto la mwili hutoka wapi, ni lini kupungua kwake si neno, na ni lini ni ishara ya ugonjwa unaoweza kuua. Tutaeleza pia kwa nini hupaswi kununua dawa kwa sababu ya tarakimu ya kipimajoto peke yake.

JIKO LISILOZIMWA

Mwili wa binadamu ni kama jiko. Makaa yake ni chakula tunachokula, na upepo wake ni hewa tunayovuta. Ndani ya kila chembe ya mwili, chakula huunguzwa polepole ili kutoa nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hizo huishia kuwa joto. Kazi hiyo yote ya kuvunja chakula, kujenga mwili na kutoa nguvu ndiyo wataalamu wanayoiita umetaboli.

Jiko hili halizimwi hata ukilala. Moyo unapiga, ini linafanya kazi, figo zinachuja, ubongo haupumziki. Mtu mzima aliyetulia tu kitini hutoa joto la wati 80 hadi 100, karibu sawa na zile balbu za zamani za wati 100. Akianza kutembea au kusukuma mkokoteni, misuli nayo huongeza moto.

Ili jiko lisizidi wala kupungua, kuna msimamizi. Ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi. Joto likizidi, huamuru jasho litoke na mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi ipanuke. Baridi ikizidi, mishipa hiyo hubanwa, malaika husimama, na misuli huanza kutetemeka ili itoe joto.

Msimamizi huyo ana msaidizi mkubwa, nayo ni tezi ya thairoidi. Tezi hii iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Hutengeneza homoni zinazosafiri katika damu na kuziambia chembe zote ziunguze chakula kwa kasi gani. Homoni zikiwa nyingi mno, mtu hukonda, hutokwa na jasho na moyo wake hukimbia. Zikipungua, jiko zima hufifia.

NYUZI 37 SI SHERIA

Nyuzi 37 za Sentigredi tulizokariri shuleni zilitoka kwa daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, aliyefanya kazi katika mji wa Leipzig. Mwaka wa 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Kazi yake ilikuwa kubwa na ya heshima, ila vipimajoto vya siku hizo havikuwa sahihi kama vya leo, na vilipimiwa kwapani.

Mwaka wa 1992 madaktari wa Maryland, Marekani, wakiongozwa na Philip Mackowiak, waliwapima tena watu 148 wenye afya. Wastani waliopata ulikuwa nyuzi 36.8. Mwaka wa 2017 watafiti wengine wa Marekani walikusanya vipimo vya wagonjwa zaidi ya 35,000 waliofika hospitali bila homa. Wastani wao ulikuwa nyuzi 36.6.

Je, vipimo ndivyo vilivyobadilika au ni binadamu? Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza vipimo 677,423, vya zamani zaidi vikiwa vya wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Waligundua kwamba wanaume waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa na joto zaidi kuliko wanaume wa leo kwa karibu nyuzi 0.6, na kwamba joto limekuwa likishuka kidogo kidogo kila muongo. Mwaka huo huo iliripotiwa kwamba hata Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia, wastani wa joto lao ulishuka kutoka nyuzi 37.0 hadi karibu 36.5 kati ya mwaka wa 2002 na 2018.

Sababu moja inayotajwa ni hii: watu wa kale waliishi na maradhi ya kudumu kama kifua kikuu, kaswende na ufizi uliooza. Mwili unaopigana na maradhi kila siku huwa na moto zaidi. Maradhi yakipungua, vita vya ndani hupungua, na jiko halihitaji kuwaka sana.

Kwa hivyo usidhani kila joto la chini ni ubaya. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2002, ambao ulifuatia maisha ya wanaume wa Baltimore kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba wale waliokuwa na joto la chini kidogo walielekea kuishi zaidi kuliko wenzao.

Tena joto lako mwenyewe halikai mahali pamoja. Huwa chini kabisa alfajiri kabla hujaamka, na juu zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Kwa mwanamke hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kisha hushuka hedhi inapokaribia. Wazee huwa na joto la chini kuliko vijana. Mtu anayejinyima chakula ili apungue naye hupoa, kwa maana mwili ukiona makaa yamepungua hupunguza moto ili usije ukaishiwa kabisa.

KIPIMAJOTO NACHO HUDANGANYA

Ile bastola ya mlangoni hupima joto la ngozi ya kipaji. Ngozi si ndani ya mwili. Ukiwa umetoka kwenye ofisi yenye mashine ya kupoza hewa, au una jasho linalokauka kwa upepo, kipaji chako kitakuwa baridi hata kama damu yako ina joto la kutosha. Mashine ile iliwekwa ili kuwakamata wenye homa, wala haikuwekwa kutafuta waliopoa.

Vipimajoto vya kioo vina kasoro yake pia. Vingi huanzia nyuzi 35. Mtu ambaye joto lake ni 33 atasomeka kama 35, na mpimaji akaridhika. Hospitali zinazohudumia watoto wachanga huhitaji kipimajoto kinachoweza kusoma chini ya hapo.

Ukitaka kujipima nyumbani, tumia kipimajoto cha betri cha kuweka kwapani au chini ya ulimi. Futa jasho kwanza. Usijipime mara tu baada ya kuoga, kunywa chai au kupanda ngazi. Subiri mpaka kilie. Ukipimia kwapani, kumbuka kwamba hapo huwa chini ya joto la ndani kwa karibu nusu nyuzi au zaidi. Mtu anayesoma 36.0 kwapani asubuhi, naye anakula, anafanya kazi na ana raha, hana ugonjwa.

Jambo jingine ni kwamba kuhisi baridi na kuwa baridi ni vitu viwili. Mkazi wa Pwani anajua hilo vizuri kwa sababu ya malaria: mgonjwa hutetemeka chini ya mablanketi matatu, meno yanagongana, na ukimpima ana nyuzi 39. Aliyepungukiwa na damu naye huhisi baridi. Kwa hivyo usikisie. Pima.

Madaktari husema mtu amepoa kweli joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35. Hapo hakuna mjadala tena; hiyo ni dharura.

TEZI INAPOZEMBEA

Tuchukue mfano, msomaji. Tuseme yuko mama mmoja Mikindani anayekaanga mahamri kila alfajiri na kuyauza pamoja na mbaazi. Mtoto wake wa tatu ana miezi minane. Zamani aliamka saa kumi bila kuamshwa. Sasa hata mwadhini akiadhini yeye hasikii. Amenenepa kidogo ingawa hali sana. Nywele zinabaki kwenye kitana, ngozi imekauka hata akipaka mafuta ya nazi, sauti imekuwa nzito, choo ni cha tabu, na hedhi ni nyingi. Husahau chenji za wateja. Usiku anataka shuka mbili. Mumewe anasema amekuwa mvivu. Mama mkwe anasema ni uzazi. Jirani anashauri apelekwe kwa mganga kwa sababu huenda amechezewa.

Huenda wote wamekosea. Dalili hizo zikija pamoja, yafaa tezi ya thairoidi ichunguzwe. Ugonjwa wa tezi kuzembea huwapata wanawake mara kadhaa kuliko wanaume, na mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni mojawapo ya nyakati ambapo huibuka. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili wenyewe kuigeukia tezi na kuishambulia, hali ambayo daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka wa 1912. Wengine hupata ugonjwa huu baada ya tezi kukatwa au kutibiwa kwa mionzi, na wengine kwa sababu ya dawa fulani za moyo au za akili.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na tiba. Mgonjwa alivimba uso, akapoteza akili polepole, akapoa, kisha akafa. Mwaka wa 1891 daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alijaribu jambo lililoonekana la ajabu. Alichukua tezi ya kondoo, akatengeneza maji yake, akamdunga mama mmoja wa miaka 46 aliyekuwa taabani. Mama huyo alipata nafuu na akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka wa 1914 Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga homoni yenyewe. Leo homoni hiyo hutengenezwa viwandani, huitwa levothairoksini, na humezwa kama tembe moja kila siku.

Kipimo ni cha damu. Huitwa TSH, nayo ni homoni inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Hiyo ndiyo inayoichapa bakora tezi ya shingoni ili ifanye kazi. Tezi ya shingoni ikizembea, bakora huongezeka. Ndiyo maana TSH ikiwa juu sana huonyesha kwamba homoni zimepungua. Daktari hupima na homoni yenyewe ili kuhakikisha. Kama zahanati ya mtaani haina kipimo hicho, omba uandikiwe barua ya kwenda hospitali kubwa.

Sasa angalia jambo hili. Katika ule uchunguzi wa mwaka wa 2017, watafiti walitafuta kama wenye tezi iliyozembea walikuwa na joto la chini. Walikuwa nalo, lakini tofauti ilikuwa sehemu 13 za elfu moja za nyuzi moja! Hakuna kipimajoto cha nyumbani kinachoweza kuiona tofauti hiyo. Ndiyo sababu tunasema dalili zikupeleke kwenye kipimo cha damu, na usitegemee tarakimu ya joto kukuambia kama tezi yako ni nzima au ni mgonjwa.

Ukianzishiwa levothairoksini, imeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kama unatumia pia vidonge vya damu au vya chokaa ya mifupa, viache vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne, kwa sababu huizuia kuingia mwilini. Usiiache ukipata nafuu, maana kwa wengi ni dawa ya maisha. Ukipata mimba mjulishe daktari mara moja, kwa kuwa mara nyingi kipimo hupaswa kuongezwa. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni za mama.

Na ugonjwa ukiachwa? Mgonjwa anaweza kufikia hali ya kusinzia bila kuamka vizuri, joto likashuka chini ya 35, moyo na pumzi vikaenda polepole. Hali hiyo huzuka hasa kwa wazee wanapopata nimonia au kupewa dawa za usingizi. Huua wengi hata hospitalini.

BIASHARA YA HOFU

Msomaji atajiuliza, hii habari ya joto la chini kuwa ugonjwa ilitoka wapi? Mwaka wa 1976 daktari Mmarekani Broda Barnes alitoa kitabu akidai kwamba watu wengi sana wana tezi iliyozembea bila kujua, na kwamba kipimajoto cha kwapani asubuhi kinatosha kuwatambua. Mwaka wa 1990 mwenzake wa Florida, Denis Wilson, aliupa jina lake mwenyewe ugonjwa aliodai kwamba ni wa watu ambao joto lao ni la chini na vipimo vyao vya damu ni vya kawaida. Orodha ya dalili zake ilikuwa ndefu: uchovu, kichwa kuuma, unene, hasira, kusahau. Ni nani kati yetu asiye na mojawapo?

Chama cha Marekani cha madaktari wa tezi hiyo kiliyachunguza madai hayo, kikatangaza kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kuwapo kwa ugonjwa huo. Hata hivyo dhana imeendelea kusafiri, na kila inapofika hupata mtu wa kuiuzia: vidonge vya "kuamsha umetaboli", chai ya kupunguza tumbo, matone ya iodini.

Jihadhari. Homoni ya tezi ikimezwa na mtu asiyeihitaji huufanya moyo kwenda mbio na kupoteza mdundo, na ikiendelea kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Iodini nyingi nayo yaweza kuivuruga tezi iliyokuwa nzima. Na kwa wale wanaotarajia kupungua uzito, fahamu kwamba hata mgonjwa wa kweli huongezeka kilo chache tu kwa sababu ya tezi, tena nyingi kati ya hizo ni maji na chumvi. Kilo thelathini hazitoki shingoni.

CHUMVI YETU NA MUHOGO WETU

Tezi hutengeneza homoni kwa iodini, madini ambayo ndugu zetu wa Tanzania wameyapa jina zuri la "madini joto". Yakikosekana, tezi hujitanua ikitafuta, na shingo huvimba rovu, ambalo wengi hapa huliita goita. Mama mjamzito akikosa iodini kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na akili nzito na kimo kifupi.

Mfano wa kusikitisha ulionekana katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Tangu miaka ya 1960 watafiti wakiwemo Wabelgiji walikuta rovu limeenea sana sehemu ya kaskazini, ilhali kusini magharibi lilikuwa chache, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilihusishwa na muhogo, uliokuwa chakula kikuu cha upande ulioathirika. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini sumu inayoizuia tezi kuchukua iodini.

Hii haina maana kwamba uache muhogo wa nazi. Anayekula mlo mchanganyiko na anayepata iodini ya kutosha hana la kuogopa. Menya, loweka na upike vizuri. Sisi wa Mombasa tuna bahati mbili. Ya kwanza ni samaki, wenye iodini. Ya pili ni kwamba tangu mwaka wa 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe iodini, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huvunwa hapa hapa Pwani, katika mashamba ya chumvi ya Ngomeni, Gongoni na Marereni. Wengi hudhani chumvi ya bahari ina iodini ya kutosha yenyewe. La, ni kidogo sana, hutiwa kiwandani. Kwa hivyo chumvi ya mawe inayouzwa kwa kisonzo bila pakiti huenda haina kitu.

Hata iliyotiwa hupoteza nguvu ikikaa wazi katika unyevu wetu huu. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko na jua, na uitie chakulani mwishoni mwa upishi. Wala usiongeze chumvi kwa kutafuta iodini, maana utajiletea presha. Kiasi kidogo kinatosha.

HATARI YENYEWE NI KWA MTOTO MCHANGA

Kama kuna mahali ambapo mwili kupoa huua bila watu kushtuka, ni kwa mtoto aliyezaliwa punde. Watu wa Pwani tuna kauli hii: "Joto hili, mtoto atapataje baridi?" Ni kauli ya hatari.

Mtoto hutoka mahali penye nyuzi 37 akiwa amelowa. Ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtoto mchanga aliye uchi katika chumba cha nyuzi 23 hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi katika nyuzi sifuri. Usiku wa kusi mwezi wa Julai, Mombasa hufika karibu na hizo nyuzi 23 au chini yake, hasa feni ikiwa inazunguka. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba kati ya watoto 32 na 85 kwa kila mia waliozaliwa hospitalini walipoa, na nchi za joto zilikuwa miongoni mwao.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Likiwa kati ya 36.0 na 36.4 ameanza kupoa. Chini ya 36 ni hatari, na chini ya 32 maisha yake yako ukingoni. Mtoto aliyepoa hutumia sukari yote aliyo nayo ili kujipasha, sukari huisha, hulegea, hashiki titi, na asiponyonya hupoa zaidi. Mzunguko huo ukiachwa humaliza uhai.

Kinga yake haigharimu hata shilingi. Mtoto akaushwe mara tu anapozaliwa, kitambaa kilicholowa kiondolewe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili kwa leso kavu, avishwe kofia, na anyonye katika saa ya kwanza. Asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Nyanya na shangazi wenye hamu ya kumtakasa mtoto waelezwe kwa upole. Kama mila haina budi, basi walau saa sita zipite, maji yawe ya vuguvugu na akaushwe upesi.

Kwa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo, kifua cha mama ni tiba kamili. Njia hiyo ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, wakati hospitali yake ilikuwa na upungufu wa mashine za kuwapasha watoto joto. Mwaka wa 2021 matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yalionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo nzima kuliko waliosubiri kwanza mpaka hali itulie. Baba naye ana kifua. Mama akichoka apokee zamu.

Usimpashe mtoto joto kwa kuingiza jiko la makaa chumbani. Moshi wake usioonekana umeua familia nzima katika usingizi.

WENGINE WA KUANGALIWA

Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo hupoa haraka usiku. Alishwe mara kwa mara, hata usiku, na alale na mama. Mgonjwa wa kisukari aliyedunga insulini akakosa kula anaweza kupoa huku akitokwa na jasho na kuropoka. Akiweza kumeza mpe maji ya sukari, kisha umkimbize hospitali. Mlevi aliyelala nje kwenye mvua naye yumo hatarini, kwa sababu pombe hupanua mishipa ya ngozi na joto hutoka, ingawa yeye mwenyewe huhisi moto.

Na mzee, usimsubiri apate homa. Wazee na watoto wachanga wanapoingiwa na vijidudu kwenye damu, wakati mwingine mwili hupoa badala ya kuchemka. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana, leo amepoa, anapumua haraka na hajui alipo, hana haja ya kupumzishwa nyumbani. Anahitaji hospitali sasa hivi.

KWA UFUPI

1. Joto la nyuzi 36 na kitu kwa mtu mwenye nguvu zake si ugonjwa.

2. Chini ya 35 kwa mtu mzima, au chini ya 36.5 kwa mtoto mchanga ambaye hapandi hata akiwekwa kifuani, nenda hospitali.

3. Uchovu, baridi, ngozi kavu, choo kigumu, hedhi nyingi na kusahau vikija pamoja, omba kipimo cha TSH.

4. Usinunue homoni wala iodini bila kupimwa.

5. Kopo la chumvi lifunikwe, na mtoto mchanga afunikwe pia.

Yule mama wa mahamri tuliyemtaja ni wa mfano tu, lakini wenzake ni wengi. Kama unamjua mmoja, usimwite mvivu. Mfuatane asubuhi moja hadi hospitali, akatolewe damu ipimwe. Huenda tembe moja kwa siku ikamrudishia alfajiri zake.